Sauti ya Mama Yako Niliyoibana

Studio, Mengo
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Sanyu,

Hali yako sikuulizi. Asubuhi nimekuona umesimama mlangoni unakula chapati ya pili huku unafunga kamba za viatu, kwa hiyo mzima u mzima. Mimi pia mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua.

Nakuandikia nikiwa studio. Mvua imeshika, inapiga mabati kama imetumwa, na leo hakuna kazi itakayofanyika humu. Nimezima mikisa na vitufe vyake vyote vya sauti, nimevuta kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, nimekaa. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uikute ukirudi jioni kutoka kuwaaga rafiki zako.

Mambo ya safari siyagusi. Pasipoti, maji ya kunywa, usimpe mtu begi lako pale mpakani: shangazi yako amekuhubiria tangu Jumatatu na akikupata leo atakuhubiria tena. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni. Kesho saa saba mchana unapanda basi kwenda Dar es Salaam kuanza kazi ya kurekodi watu, na tangu Jumapili wewe na mama yako hamsemezani. Unaondoka umemkasirikia mtu asiye na kosa. Mwenye kosa ni mimi, na Jumapili ile nilikuwepo, nimejitia hamnazo, nakunja waya.

Ulimletea maikrofoni sebuleni. Ukamwambia, mama, niimbie wimbo wowote, niende nao. Akasema, "Mimi siimbii mashine." Ukambembeleza. Akasema tena vilevile, akaingia jikoni. Ndipo ukapandisha sauti ukamwambia kwamba hajawahi kuipenda kazi yako, kwamba kanisani anaimba, jikoni anaimba, ila kwako wewe mwanawe anafunga mdomo. Angeweza kukujibu, Sanyu. Angeweza kunyoosha kidole tu, kwangu. Hakunyoosha.

Sasa nitakueleza, lakini nivumilie nipitie kwenye mashine zangu, kompresa, kwanza, kwa sababu kosa langu lilipita humo humo, na ndiyo kazi unayoiendea.

Nilipofika Kampala nikitoka Mombasa, vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Kuta nyingi za Mengo zilikuwa bado na matundu ya risasi, watu wanapaka chokaa juu yake. Mimi fundi wa redio, kijana wa Rabai, najiona mjuzi kuliko wote. Nikapanga chumba hiki hiki. Shida yake ilikuwa mwangwi: ukikohoa, ukuta unakukoholea. Nikazunguka sokoni natafuta kitu cha kumeza ule mwangwi, nikaona vitambaa vya gome la mti, vizito, laini, rangi ya udongo. Lo! Nikasema hapa nimepata. Nikanunua vingi, nikavigongelea misumari kuta zote nne mpaka darini. Nikapiga makofi: kimya. Nilifurahi siku hiyo, wacha tu.

Kesho yake ikaja kwaya kutoka Kasubi, watu kumi na wawili, ndio wateja wangu wa kwanza. Wakafika mlangoni wakasimama. Hakuna aliyeingia. Wanaume wakavua kofia. Mimi nawakaribisha, karibuni, karibuni, nao wananitazama kwa huruma. Halafu msichana mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akasogea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ssebo, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa hii lubugo ya nini? Hii sisi tunafungia maiti. Wewe unataka tuimbe ndani ya kaburi?"

Huyo ndiye mama yako. Wenzake walikuwa wanaondoka, yeye akabaki ananicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akaniambia, "Toa hii yote. Nunua magodolo ya zamani, weka kwa ukuta." Na mimi, Sanyu, mtu aliyekuwa ananiokoa na aibu, hata jina lake sijalijua, nikamjibu, "Si magodolo. Magodoro." Akanitazama. Akasema, "Kale, sawa. Nunua hayo hayo." Akaenda zake.

Magodoro ndiyo haya niliyoegemea sasa. Vitambaa vyote niliviteremsha kwa mkono wangu, nikampa mzee wa kanisa.

Kompresa zilikuja moja moja. Zilikuwa kuukuu tayari nilipozinunua, zimetumika kwenye vituo vya redio na misheni mpaka wenyewe wakazichoka. Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia habari ya yule bwana? Nilibandika tangazo mlangoni: TUNA KOMPRESA. Asubuhi nikamkuta mtu anasukuma pikipiki yenye pancha, jasho linamtoka, ananiuliza upepo bei gani. Nikamweleza kwamba hii yangu haijazi matairi, inabana sauti: mtu akiimba kwa nguvu inamshusha, akinong'ona inampandisha, wote wawili wasikike. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hiyo ni ya nini? Si umwambie tu asipige kelele?"

Kompresa ya kwanza niliyonunua ni huyu Mzee, wa valvu za kioo. Nilimwita Mzee kwa sababu hasemi mpaka apate joto. Ukimwasha, subiri uchemshe chai, unywe, ndipo umpe sauti. Ndani yake mna kitaa na kijicho: sauti ikipanda kitaa kinang'aa, kijicho kinaona, kinashusha. Hana haraka. Kwa hiyo usimpe ngoma, zitampita zote akiwa bado anageuka. Mpe besi. Kulikuwa na Mkongo mmoja akija hapa kupiga besi, fundi hasa, lakini noti moja inavunja kioo na inayofuata huisikii. Nilihangaika naye wiki nzima kwa mashine nyingine, namgeuzia vitufe huku na huku. Siku niliyompitisha kwa Mzee, akavua spika za masikioni akaniuliza ni nani aliyempigia. Nikamwambia ni wewe. Akabisha. Mpe Mzee pia waimbaji wanaoimba taratibu, na tarumbeta zikiwa za kanisa.

Karani ni yule mdogo mweusi, wa juu kabisa. Karani hana mapenzi wala chuki. Unamwambia sauti isipite hapa, haipiti hapo, basi. Ngoma ya mguu, makofi, amadinda pale fimbo zinapokimbizana juu ya mbao, hizo ni zake. Ukimpa mtu anayelia, atamwandikia kilio chake vizuri kabisa na hutasikia chochote.

Nalongo unajua jina lake lilikotoka, mama wa pacha, maana ana pande mbili, kushoto na kulia, na hakubali umtendee mmoja peke yake. Yeye ni wa mwisho, wimbo mzima ukiisha kupikwa. Umguse kidogo sana, sindano zake zisogee kama kifua cha mtoto aliyelala. Vijana wengi huko utakaokutana nao watataka sindano iruke. Waache. Watajifunza, au hawatajifunza.

Na Afande. Huyu ndiye kila mtu anamtaka, hata wewe tangu una miaka kumi ulikuwa unamtaka. Jina alipewa na mama yako. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuoana, anakuja hapa na chakula changu cha mchana, anakaa pale pembeni. Alisikia nimeachia ngoma, nikageuza kitufe kimoja, zikashuka zote mara moja. Akasema, "Huyu ni afande. Anasema simama, watu wanasimama." Alizaliwa karibu na kambi ya Makindye, baba yake akiwapikia wanajeshi, kwa hiyo alijua anachosema. Kiswahili chake chote alikiokota pale.

Afande anadaka haraka kuliko mashine yoyote niliyowahi kuishika. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Alikuja mpiga ngoma, kijana mkali, mikono kama mwashi. Nikampa Afande nimegeuza kitufe cha kudaka mpaka mwisho, ili nimwoneshe Kampala nzima kwamba nina mashine. Tulipomaliza nikamchezea mkanda. Akasikiliza, akasikiliza, akauliza, "Fimbo yangu iko wapi?" Nikamwambia ngoma si hiyo unaisikia? Akasema, "Ngozi naisikia. Nauliza fimbo." Na kweli, Afande alikuwa amemeza kila pigo la fimbo kabla halijatua, imebaki ngozi inaguna tu, kama mtu anapiga mto. Nikacheka, nikamwambia masikio yake mabovu. Akadai mkanda wake akaondoka. Nilijua ana haki. Ilinichukua miezi kukubali kumpunguzia Afande haraka yake, fimbo ipite kwanza, halafu ndiyo ashike ngozi. Sasa ngoma zangu zinasifiwa, na aliyenifundisha sijamwomba radhi mpaka leo.

Mwanangu, hilo lilikuwa dogo.

Mama yako alikuwa na kaka, Mjomba Kizito. Unaijua ile picha yake sebuleni, ameegemea baiskeli. Vita vilipoisha, yeye alikuwa amevaa sare ya upande ulioshindwa. Akakimbia, akavuka Busia, akapotelea Kenya. Hakujua nyumbani nani yuko hai. Nyumbani hawakujua kama yeye yuko hai. Hakukuwa na simu za mfukoni za kuulizana uko wapi. Miaka ikapita, mambo yakatulia, wenzake wengi wakarudi na hakuna aliyewagusa, lakini yeye hana habari.

Mama yako akapata wazo. Akatunga wimbo. Jina la kaka yake hakulitia, maana aliogopa kumtaja redioni mtu aliyejificha. Akaufanya wa Kiswahili ili upigwe Kenya, nami nilikuwa na rafiki kwenye redio kule. Maneno ya kiitikio ni mepesi: rudi, nyumbani ni wazima, rudi, habari ni njema. Hayo tu. Kitu pekee cha kumwambia Kizito kwamba anaitwa yeye kilikuwa sauti ya dada yake.

Akasimama pale, mbele ya godoro la bluu, akaimba: "Ludi, nyumbani ni wazima. Ludi, habali ni njema."

Nikasimamisha mkanda. "Si ludi, ni rudi."

Akarudia. Ludi. Nikasimamisha. Sanyu, sijui kama nilimsimamisha mara ishirini au thelathini. Na si kwamba r hana. Anayo nzuri kabisa, ila inakaa inapotaka yenyewe. Akikugombeza anasema acha kerere, na milele anasema mirere. Nilimsaga mama yako siku nzima, ulimi ukakauka. Mwishowe akavua spika za masikioni akaniambia, polepole tu, "Acha hivyo hivyo. Kizito anajua hivyo. Nikiwa mutoto, akitoka kwenda dukani, mimi nilikuwa nasimama kwa mulango napiga kerere, ludi! Yeye alikuwa ananicheka na hiyo neno. Akisikia hiyo, atajua."

Aliniambia. Sisemi hakuniambia. Nami nikamjibu, na haya ni maneno yangu mwenyewe, "Wakikusikia Mombasa watakucheka." Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa wangenicheka mimi. Fundi wa Rabai, mjuzi wa Kiswahili, ameoa mke asiyejua kusema rudi.

Nikamwambia basi, imba utakavyo, mimi nitaona. Akaimba kwa raha yake, mara moja tu, mpaka mwisho, machozi yanamtoka. Alipoondoka nikamchukua Afande. R ni mpapatiko mdogo sana wa ulimi: sauti inashuka nukta moja, inapanda. L haishuki hivyo. Sasa ukimpa Afande sauti hiyo, vitufe vya kudaka na kuachia vyote mpaka mwisho, anafukia kila shimo na kukata kila kilima. R na l zinakuwa kitu kimoja, huwezi kusema ni ipi. Msikilizaji anajaza mwenyewe lile neno analolijua. Nikarekebisha, nikabana, nikabana tena. Pumzi zake zikapanda juu kama mtu amekimbia, kilio chake kikawa sawa na kicheko chake, lakini neno likasikika "rudi". Nilijisifu, Sanyu. Nilimwita jirani aje asikie.

Redio ya Kenya wakaupiga, wakaurudia. Barua zikaja kutoka pwani zinausifu. Siku ya kwanza tulikaa wote wawili mbele ya redio, mama yako ana mimba yako, mkono juu ya tumbo. Wimbo ukaanza. Akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Nani huyo?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Kizito hakurudi. Ulipokuwa na miaka mitano tukaletewa habari kwamba amefariki Nakuru kwa homa, ameshazikwa. Tukafanya matanga Kasubi. Huenda unakumbuka watu wengi na maharage. Mwanamume mmoja alikuja na begi la Kizito. Walikuwa wakifanya kazi pamoja, kushona viti vya magari. Aliponikuta nje peke yangu, akajua mimi ni mtu wa studio, akanisimulia kwa kunifurahisha tu, maskini. Akasema kulikuwa na wimbo redioni wa mwanamke anamwita mtu arudi nyumbani. Kila ukipigwa, Kizito alikuwa anazima cherehani. Anasikiliza amesimama. Siku moja yule bwana akamuuliza, wewe una nini na wimbo huu? Akamjibu, "Huyu nusura awe dada yangu. Ila dada yangu husema ludi."

Halafu akawasha cherehani.

Nilisimama pale uani. Ndani wanawake wanaimba, na sauti ya mama yako naisikia katikati yao. Ningeingia siku ile nimwambie. Sikuingia. Nikajiambia ana msiba tayari, nimwongezee wa nini. Nikajiambia mwezi ujao. Mwezi ukawa mwaka, na baada ya mwaka inakuwa rahisi, mwanangu, hilo ndilo la kutisha, unaweza kukaa na kitu kama hicho ndani ya nyumba na ukanywa chai. Miaka ishirini na mmoja nimekinywea chai.

Yeye tangu siku ile ya redio hajaimba mbele ya maikrofoni. Mimi sikumuuliza kwa nini, maana nilijua. Na wewe nikakulea kwa r na l, nikakuchapa mara moja kwa ajili ya "balua", unakumbuka, mpaka bibi yako wa Kasubi akawa anakuita Mukenya. Nilikuwa nadhani nakufundisha lugha. Nilikuwa natafuta mtu wa kunihakikishia kwamba nilikuwa na haki.

Jumapili ulipomfokea, nilimwona amesimama jikoni amegeuzia mlango mgongo, ameshika mwiko, hapiki chochote. Siku nne sikulala vizuri. Leo asubuhi ulipotoka nikapiga moyo konde, nikaenda kibarazani alikokuwa anamenya matoke, nikakaa chini, nikamwambia yote. Cherehani, wimbo, neno. Sikutia chumvi wala sikupunguza.

Aliendelea kumenya. Akamaliza moja, akachukua jingine. Kisha akasema, hakunitazama, "Miaka yote hiyo ulikuwa unakula chakula yangu."

Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa unakula, unasema ni tamu."

Nikasema ndiyo. Nikamwambia, Robina, nisamehe. Akainua mkono wenye utomvu, kwa maana ninyamaze. Akauliza, "Alisema ludi?"

"Alisema."

"Hivyo hivyo? Ludi?"

"Hivyo hivyo."

Akaweka kisu chini. "Banange," akasema, "mimi nilifikiri hakusikia." Akalia, Sanyu. Alilia kwa sauti, jirani akachungulia. Nilitaka kumshika bega, akanisukuma, si kwa nguvu, lakini akanisukuma. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe alikuwa ananitafuta ndani ya hiyo wimbo. Kila siku alikuwa ananitafuta." Nami sikujua kama hilo linamponya au linamchoma, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Kusamehe hajanisamehe. Usije jioni ukamwombea msamaha wangu, hiyo kazi ni yangu na huenda ikachukua miaka niliyobakiza. Nilipokuwa namuaga kuja huku, nikiwa nimefika getini, akaniita. Akasema nikwambie wewe kwamba kesho asubuhi, kabla ya basi, ulete ile maikrofoni yako. Ataimba wimbo wa Kizito.

Najua utakachoniuliza, fundi kwa fundi: nimpitishe kwa nani? Mimi ningekwambia Mzee, miaka yote ningekwambia Mzee. Kesho usimpitishe kwa yeyote. Msimamishe hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, weka kidole kwenye mikisa, akipanda mshushe kwa mkono wako taratibu, akishuka mfuate. Utakosea mahali fulani, sauti itapasuka kidogo. Iache ipasuke. Huko Dar utakutana na mwimbaji wa Bukoba, wa Mtwara, wa sijui wapi, kila mmoja na ulimi wa kwao, na mtu atakayekaa nyuma yako akisema mrekebishe. Kabla hujagusa kitufe, muulize yule mwimbaji anamwimbia nani. Mimi sikuuliza, niliambiwa bila kuuliza, na bado sikusikia.

Ameweka sharti moja, nami nimelikubali. Alisema, "Mwambie, baba yake asikuwe ndani."

Kwa hiyo kesho mkianza nitatoka. Nitashuka mpaka barabarani, mbali kiasi nisisikie hata kwa dirisha, nitasimama huko na mgongo wangu mpaka mmalize. Mkanda huo nenda nao. Usiniachie nakala, Sanyu. Na siku nitakapokupigia simu nikakuomba unichezee kidogo tu, na nitakuomba, najijua, uniambie hapana.

Baba yako